Mtafiti naye ana deni

Wazee wetu walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni mwema huja na chake, japo ni habari tu, na akiondoka humwacha mwenyeji ana nafuu kuliko alivyomkuta. Lakini huku kwetu pwani yuko mgeni wa namna nyingine ambaye amekuwa akija miaka nenda miaka rudi. Huja na karatasi, kalamu na mfuko wa begani. Huuliza mwalala wangapi nyumba hii, mwala nini, mwapata shilingi ngapi kwa siku, choo mnacho au hamna. Akisha kupata majibu yake hushukuru, hupanda gari, na huo ndio mwisho wa kumwona. Mgeni huyo huitwa mtafiti.

Nataka kusema habari zake leo bila ya kumwonea, kwani mgeni huyo nilikuwa mimi.

Mwaka wa 2015 nilikuwa nasomea shahada ya pili katika chuo kikuu kimoja cha hapa nchini. Masomo yangu yalikuwa ya maendeleo ya kimataifa, yaani elimu inayochunguza kwa nini watu wengine wamo katika dhiki na wengine wana nafasi, na ile misaada, mikopo na miradi inayotoka taifa hili kwenda taifa lile hufanya nini hasa inapofika kijijini. Katika daraja hiyo mwanafunzi hasomi tena ili ajibu mtihani peke yake. Yampasa atoke akatafute jambo lisilojulikana, alithibitishe, kisha aliandikie tasnifu. Mwaka mzima wa kwanza tulifundishwa jinsi ya kutoka huko. Tulifundishwa kusoma waliyoandika waliotutangulia. Kulichonga swali moja lililo bora badala ya kuuliza kila kitu. Kuchagua nyumba za kuulizwa kwa kura ili asipendelewe mtu. Kuomba kibali cha serikali, ambacho tangu sheria ya mwaka wa 2013 hutolewa na tume ya sayansi iitwayo NACOSTI. Na kuomba ridhaa ya kila mtu kabla ya kumwuliza neno.

Yote hayo ni mazuri, wala sitaki msomaji adhani nayabeza. Ila nilitoka darasani nikiwa na kiburi kidogo. Wenzangu wa bara waliogopa kuja pwani kwa ajili ya lugha. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na Kiswahili ndicho nilichonyonya. Nikajiambia, huyu ni mwana wa nyumbani anakwenda nyumbani. Nani atakayenificha jambo?

Nikachagua kijiji kimoja cha wavuvi katika kaunti ya Kwale. Jina lake silitaji kwa sababu niliwaahidi wenyewe. Shirika moja la ng'ambo lilikuwa limenilipia karo na nauli, na kwa ajili ya hisani hiyo lilitaka niliandikie muhtasari wa kurasa mbili juu ya hali ya kijiji, hata kabla ya tasnifu kumalizika. Hilo halikunitia wasiwasi. Kurasa mbili ni kitu gani?

Nilifika mwezi wa Januari, na siku ya kwanza tu nikajikwaa. Swali la kwanza katika hojaji yangu lilikuwa hili: mkuu wa kaya hii ni nani? Neno kaya ndilo linalotumika serikalini na vyuoni kwa maana ya watu wa nyumba moja, walao chungu kimoja. Mzee niliyemwuliza, Mdigo, alinitazama kitambo kisha akasema, "Kaya ipi, mwanangu? Ya Kinondo?" Nilikuwa nimesahau, au tuseme kweli, sikupata kulipima, kwamba kwa Wadigo na ndugu zao Wamijikenda kaya ni mji wa asili wa wazee wao, na ndiyo ile misitu mitukufu ambayo mwaka wa 2008 iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Mimi nauliza habari za sufuria na vitanda, yeye asikia nauliza mambo ya wazee na miko yao. Baadaye tulicheka sana. Lakini siku ile alinijibu kwa tahadhari mpaka swali la mwisho, na majibu ya mtu aliyejihadhari si majibu.

Kisha kulikuwa na karatasi ya ridhaa. Asili ya karatasi hii ni njema, na yafaa msomaji aijue. Huko Marekani, katika mji wa Tuskegee jimbo la Alabama, toka mwaka wa 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali iliwachunguza mamia ya wanaume weusi waliokuwa na kaswende bila ya kuwaambia ukweli wa maradhi yao na bila ya kuwatibu, hata baada ya dawa yake kupatikana. Aibu hiyo ilipofichuka, Wamarekani walikaa wakaandika mwongozo, nao ulitoka mwaka wa 1979, usemao kwamba mtu asichunguzwe ila ajue anachunguzwa nini na aridhike mwenyewe. Mafunzo ya namna hiyo yakaenea vyuo vya dunia nzima. Kwa hivyo karatasi ile ilitungwa kumlinda mnyonge.

Lakini nilipompa kalamu bibi mmoja wa kijiji kile atie sahihi, au dole gumba akipenda, alirudisha mkono wake ndani ya leso. Akasema, "Mwanangu, uliza utakalo nami nitakujibu. Karatasi sitii mkono. Karatasi ndiyo iliyokula mashamba ya babu zangu."

Hakukosea. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi katika ukanda huu ajitokeze aandikishe dai lake, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mwingereza. Wengi hawakupata habari, na wengine hawakuwa na njia ya kudai, na hadi leo wajukuu wao huitwa maskwota mbele ya makaburi ya wazee wao. Basi karatasi iliyotungwa kwa ajili ya watu wa Alabama ilimtisha bibi wa Kwale. Ningaliweza kuipokea ridhaa yake kwa mdomo mbele ya shahidi, nalo ni jambo linaloruhusiwa mtu akiliombea mapema. Sikuliombea. Nikaandika "amekataa", nikaenda nyumba ya pili.

Katika nyumba za mbele nilikutana na wanawake waliokubali kutia mkono. Niliwauliza, kazi yako ni nini? Karibu wote walinijibu, "Sina kazi, niko nyumbani tu." Nami nikaandika: hana kazi. Nikaandika hivyo harufu ya samaki wa kukaanga ikinijia puani, karai liko juu ya meko hatua tatu kutoka nilipoketi. Hao ndio mama karanga, wanaojulikana pwani yote. Hununua samaki kwa wavuvi, mara nyingi kwa mkopo, huwakaanga, huwauza majiani na majumbani, na pasipo wao samaki wadogo wangeozea ufuoni. Lakini kwetu sisi neno kazi lina maana ya kuajiriwa, mshahara na mwisho wa mwezi. Mwanamke akiambiwa ataje kazi yake, husema hana.

Na la kunitahayarisha zaidi ni kuwa jambo lile nilikuwa nimelisoma. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilileta wataalamu hapa Kenya kuchunguza ukosefu wa kazi. Katika taarifa yao walisema kwamba watu wengi wanaodhaniwa hawana kazi wanafanya kazi sana, ila kazi zao haziandikwi mahali popote: mafundi wa vichochoroni, wachuuzi, washonaji, hawa tunaowaita leo watu wa jua kali. Taarifa hiyo ilisomwa kote duniani na kubadili hesabu za mataifa. Mimi niliijibia mtihani nikapata alama nzuri. Kisha nikaenda nikakaa mbele ya karai na kuandika: hana kazi.

La mwisho lilikuwa kubwa kuliko yote. Nilikwenda dikoni, pale zinapotiwa nanga ngalawa na mashua, nikahesabu vyombo. Vilikuwa vingi. Nikawauliza wavuvi mapato yao ya siku, nikaona si haba. Nikapiga hesabu ya wastani kwa kompyuta, nikapata jedwali safi lenye mistari iliyonyooka.

Msomaji wangu, wewe ni mtu wa pwani. Umekwisha kuliona kosa langu, nami nilikuwa bado. Januari ni kaskazi. Bahari imetulia, vyombo vinavuka mwamba, samaki wapo, na ndiyo miezi ambayo wavuvi wa Pemba huja kupiga kambi katika pwani yetu. Vyombo vingi nilivyovihesabu kuwa ni vya kijiji vilikuwa vya wageni. Na mapato niliyoyaandika kuwa ni ya mwaka yalikuwa ya miezi minne.

Hilo nalo nilikuwa nimelisoma. Kuna Mwingereza mmoja, Robert Chambers, aliyepata kufanya kazi ya utawala hapa Kenya zama za ukoloni, na baadaye akawa mwalimu wa mambo ya maendeleo huko kwao. Mwaka wa 1983 alitoa kitabu juu ya maendeleo ya mashambani, na ndani yake aliwakosoa wataalamu wenziwe bila ya kuwaficha. Alisema huenda vijijini mbio mbio wakarudi mbio mbio. Hufuata barabara ya lami, na kilicho mbali na lami hawakioni. Huzungumza na wanaume na wakubwa, wakawapita wanawake na maskini. Hupelekwa kwenye mradi uliofanikiwa. Huona haya kuuliza mambo magumu. Na huja wakati wa kiangazi, njia zikiwa kavu na mavuno yamo ghalani, kwa hivyo njaa na maradhi ya msimu wa mvua huwa hayana shahidi. Mstari huo wa kiangazi niliupigia wino mwekundu. Lakini nilidhani ni mambo ya bara, ya mahindi na matope. Sikufikiri kwamba bahari nayo ina kiangazi chake, na kiangazi hicho ni kaskazi.

Mwezi wa Machi nikapeleka kurasa zangu mbili. Nilisema kijiji kina vyombo vya kutosha, mapato ya wavuvi ni ya wastani mzuri, na wanawake wengi hawana shughuli za biashara. Shirika likanishukuru.

Aliyeniamsha usingizini ni msimamizi wangu chuoni. Alisoma majedwali yangu yote, akaweka kidole mahali pawili, akaniuliza swali moja: watu wanaopata fedha hizi, mbona wana madeni haya? Sikuwa na jibu. Akaniambia, "Rudi ukawaulize wenyewe." Hiyo ndiyo nasaha bora niliyopewa katika masomo yangu yote, na haikuwamo katika kitabu.

Nilirudi mwishoni mwa Julai, baada ya Idi. Kusi ilikuwa ikivuma. Dikoni nilikuta ngalawa chache zimevutwa juu mchangani, na Wapemba wamekwisha kurejea kwao. Mvuvi mwenye chombo kidogo hawezi kuvuka mwamba siku kama zile. Huvua ndani kwa ndani, akapata cha mboga au akakosa. Nyumba nyingi zilikuwa zinakula kwa mkopo wa tajiri, yule mnunuzi wa samaki, na mkopo huo ndio wanaoulipa kaskazi nzima inayofuata kwa kumwuzia kwa bei aitakayo yeye. Madeni yale yalikuwa yamejieleza yenyewe mbele ya macho yangu.

Yule bibi aliyekataa kutia mkono aliniona nikipita, akaniita. "Wewe si ndiye wa karatasi? Umerudi?" Akanikaribisha barazani, akanipa chai kavu. Akaniambia, "Wengi wamekuja kuuliza. Aliyerudi ni wewe." Nilitaka kufurahi, lakini hakunipa nafasi. Aliendelea kunisimulia kwamba mwezi wa Mei watu wa shirika fulani walikwenda kijiji cha jirani wakawapa akina mama mtaji na friji ya kuhifadhia samaki. Wanawake wa hapa walipokwenda kuuliza mbona wao wamepitwa, waliambiwa kwamba utafiti umeonyesha wanawake wa kijiji chao hawafanyi biashara.

"Utafiti wa nani?" akaniuliza bibi. Yeye hakujua. Mimi nilijua.

Nilimwambia. Sikuona njia nyingine. Alinyamaza muda mrefu, akazungusha kikombe chake. Kisha akasema, "Basi mwanangu, kesho njoo alfajiri. Usiulize kitu. Kaa, uone."

Nilikaa siku kumi, na hojaji ikabaki mfukoni. Niliwaona wakitoka baada ya swala ya alfajiri kwenda kungojea kile kidogo kinachotoka majini. Niliwaona siku za bamvua, maji yakitoka sana, wakishuka mwambani kutafuta pweza. Niliona daftari la chama chao, fedha zinavyozunguka, nani amemkopa nani. Niliona mama mmoja akipeleka sahani ya chakula nyumba ya tatu kila siku, nikafahamu kwamba ile hesabu yangu ya chungu kimoja ilikuwa imeikata jamaa moja vipande vitatu. Yote niliyoandika Januari yalikuwa ni maneno ya kweli yaliyosemwa na watu wa kweli, na hata hivyo picha yake ilikuwa ya uongo.

Niliporejea Mombasa nililiandikia shirika barua ya kusahihisha. Walinijibu kwa adabu kwamba fedha za mwaka ule zimekwisha kugawanywa.

Nimelitafakari jambo hili miaka mingi sasa, na kila nikilitafakari naona kwamba sisi Waislamu wa pwani hatukuwa na haja ya kungojea Chambers atuambie. Watoto wetu hukaa madrasani wakasikia jinsi maulamaa wa hadithi walivyofanya kazi yao. Hawakupokea neno hivi hivi. Waliuliza: umelisikia kwa nani? Naye kalisikia kwa nani? Je, huyu alikutana kweli na yule, au ni wa mji mwingine na zama nyingine? Alikuwa mwaminifu? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Imamu Bukhari alizunguka miji mingi kwa kazi hiyo. Na Al-Biruni, aliyeandika kitabu chake kikubwa juu ya Bara Hindi yapata mwaka wa 1030, alijifunza kwanza Kisanskriti ili awasome Wahindi kwa maneno yao wenyewe badala ya kutegemea ya kuambiwa.

Silinganishi kazi yangu na ya hao, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba kama ningaliipima kwa kipimo chao, muhtasari wangu ungalianguka mara moja. Habari za kusi nilizipokea wakati wa kaskazi. Habari za wanawake nilizipokea kwa neno moja tu la adabu. Habari za vyombo nilizipokea kwa macho ya mtu asiyejua kumtambua mgeni. Isnadi ilikuwa dhaifu, nami niliifunika kwa jedwali safi.

Huenda msomaji akauliza: kwani makosa ya mwanafunzi mmoja yana uzito gani? Nami najibu kwamba hesabu ikisha kuandikwa huwa na miguu yake. Mnamo tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi ilitoa hukumu katika kesi ya bandari mpya ya Lamu, ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathirika walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Jambo linapofika hapo, lile swali la "mvuvi ni nani?" si swali la darasani tena. Je, ni mwenye chombo peke yake? Baharia wake? Mama anayeshuka mwambani? Yule anayekaanga? Aliyeandikwa yumo, na asiyeandikwa hayumo.

Wala sisemi utafiti ni ubaya. Hapo hapo Kwale, katika ghuba ya Gazi, uko utafiti uliolipa deni lake. Wanasayansi wa taasisi yetu ya utafiti wa bahari, KMFRI, akiwamo Dakta James Kairo, waliichunguza mikoko ya pale kwa miaka mingi, wakishirikiana na wenyeji katika kuipanda na wataalamu wa vyuo vya ng'ambo katika kuipima. Walihesabu mikoko hufyonza kiasi gani cha hewa ya kaboni. Hesabu hizo hazikuishia katika majarida ya wasomi. Mwaka wa 2013 ulianzishwa mradi wa Mikoko Pamoja, unaohusu hekta 117 za mikoko, ambao huuza hesabu ya kaboni hiyo kwa watu na makampuni ya nje wanaotaka kufidia moshi wao. Fedha zake huja kwa wenyeji wa Gazi na Makongeni, nao huamua wazitie wapi: maji, madarasa, vitabu vya watoto. Tazama tofauti. Huko watafiti hawakuwa wapitaji. Walikaa misimu yote miwili, mwaka baada ya mwaka, na walichokipata kikarudi kwa wenyewe.

Basi rai yangu ni hii. Vyuo vyetu vyafundisha vizuri namna ya kuingia kijijini: kibali, ridhaa, hojaji, kura. Havifundishi vya kutosha namna ya kurudi. Mimi naona kurudi kuwe ni sehemu ya mtihani. Mwanafunzi asipewe shahada yake mpaka awe amesimama mbele ya wale aliowauliza, kwa lugha yao, akawasomea aliyoyaandika juu yao, nao wakamsahihisha. Na mwenye kulipia utafiti asikimbilie kurasa mbili za kaskazi. Kama anataka kujua hali ya mvuvi, na angojee kusi.

Na wenyeji nao wana lao la kufanya. Tumezoea kumjibu kila mwenye karatasi kwa sababu ya ukarimu, au kwa tamaa kwamba kuna kitu kitakuja. Ukarimu ni mila yetu, tusiuache. Lakini kuuliza si utovu wa adabu. Akija mtafiti, mwambieni karibu, mpeni maji ya kunywa, kisha mwulizeni: nani amekutuma? Nani atayasoma haya? Yatatumiwa kuamua nini? Utarudi lini? Akishindwa kujibu, mwambieni aende akatafute majibu kwanza.

Tena tuwasomeshe watoto wetu elimu hii, wa kike na wa kiume. Vijana wa pwani wengi hutumiwa kama wabeba hojaji na wafasiri wa mtafiti anayetoka mbali. Hulipwa posho ya siku, na katika kitabu hutajwa mwishoni, kama si kusahauliwa kabisa. Kijana aliyejua bamvua na maji mafu tangu utotoni, akipewa na elimu ya takwimu, hatahesabu ngalawa za Wapemba kwa kijiji. Lakini asidhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba kuzaliwa pwani kwatosha. Kutoka Mji wa Kale kwenda Kwale ni mwendo wa saa chache, na nilivuka feri ya Likoni nikiwa mgeni nisiyejijua kuwa ni mgeni.

Tasnifu yangu ilichelewa mwaka mzima, na karo ya mwaka huo nililipa mwenyewe. Kabla ya kuipeleka chuoni niliifasiri sura yake kubwa kwa Kiswahili, nikaenda nikaisoma chini ya mwembe baada ya alasiri. Walikuja wanaume na wanawake, wakaketi kila watu upande wao. Mzee wa kaya alinikosoa mahali pawili, na mama mmoja mahali patatu, na wote walikuwa na haki. Niliwahi kusimama mbele ya maprofesa watatu baadaye, wala sikutoka jasho kama nililotoka siku ile.

Nakala moja nilimwachia bibi. Alicheka, akasema, "Hii nayo ni karatasi." Lakini aliipokea, akaifunga katika kitambaa.

Nilipopita kumjulia hali miaka miwili baadaye, alinieleza kwamba kulikuja vijana wengine wenye mifuko ya begani, wakaanza: mwalala wangapi, mwala nini, mwapata shilingi ngapi. Akawakaribisha, akawapa chai, akaingia ndani akaifungua ile karatasi. Akawaambia, "Someni hii kwanza. Mkimaliza, niulizeni lisilokuwamo. Na mkisha kuuliza, mniambie mtarudi lini."